Reli yenye kutu sio reli iliyokufa: yaliyonikuta na baiskeli ya relini hapa Tabora

Wakuu habari za saivi. Watu kama sita hivi washaniuliza kuhusu ile baiskeli yangu ya relini, nikawa namjibu mmoja mmoja mpaka nikachoka, sasa ngoja niandike yote kwa mpigo hata yale ya aibu, maana nyinyi mnaona picha mnadhani nilichomelea mabomba mawili nikapanda nikaondoka. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Mimi naishi Ng'ambo, kazi yangu fundi simu. Sio fundi baiskeli wala sio mtu wa reli, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mwaka juzi kiangazi nimekaa kibandani wateja hakuna, nikakutana na video ya Wakorea wanaendesha kitu kama kitanda chenye pedeli juu ya reli, wanne wanne, wanaingia handaki wanatokea upande wa pili wanapiga kelele kama watoto. Nikafuatilia, kumbe pale panaitwa Jeongseon, reli ilikuwa ya makaa ya mawe, makaa yakadorora treni ikaacha kupita, 2005 wakaweka baiskeli kilomita 7.2 na watu wanakata tiketi. Wafaransa nao wanazo, wanaita vélorail. Wajerumani wanaita Draisine, jina la mwenzao Karl Drais, yule wa 1817 aliyetengeneza mashine ya magurudumu mawili bila pedeli, unajisukuma kwa miguu. Na Marekani huko Smithville, New Jersey, 1892 walijenga reli ya baiskeli kabisa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Yaani zaidi ya miaka mia na thelathini watu wanafanya, mimi nilijua ni kitu cha juzi.

Nikawaza, sisi reli imefika Tabora 1912, Kigoma 1914, tawi la Mwanza likamalizika 1928, huu mji umekaa juu ya reli, na pembeni kuna saidingi (zile reli za pembeni za kuegeshea mabehewa) za zamani zimemezwa na nyasi mpaka mbuzi wanalala juu yake, hakuna mtu hata mmoja aliyefikiria? Nikajiona mjanja peke yangu mkoa mzima.

Kabla sijaendelea: siitaji ni saidingi ipi na msiniulize inboksi, sitaki nisikie kesho watoto wa mtu wameenda. Alafu reli kubwa ya Kigoma, ya Mwanza, na ile ya Kaliua kwenda Mpanda zote zinafanya kazi. Huko usipeleke hata baiskeli ya kuchezea.

Sasa ujenzi. Muundo niliochagua ni ule rahisi, baiskeli moja inakaa juu ya reli moja, ubavuni unatoa mkono wa bomba mpaka reli ya pili, mwisho wa mkono unaweka kigurudumu kidogo ili usianguke. Mbele na nyuma unaweka vigurudumu vya beringi vinavyobana kichwa cha reli kwa ndani ili tairi lisiteleze likadondoka kwenye kokoto. Nikanunua baiskeli ya Phoenix ya mtumba 130,000, skweapaipu vipande viwili 44,000, beringi nane 32,000, fundi wa kuchomelea 40,000. Jumla 246,000, na shemeji yenu nilimwambia laki moja.

Kosa la kwanza likawa kipimo. Nilisoma kwamba reli yetu ya zamani ni milimita 1,000, mita moja kamili. Kweli. Nikamwambia fundi kata bomba, kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya kigurudumu iwe mita moja. Akakata, akachomelea vizuri, kazi safi. Tukafika relini, kigurudumu cha mkono kimekanyaga hewa! Kinaning'inia upande wa ndani, hakifiki juu ya chuma. Kumbe ile mita moja inapimwa kutoka ubavu wa ndani wa reli hii mpaka ubavu wa ndani wa reli ile, na wewe gurudumu lako linakaa juu, katikati ya kichwa, kwahiyo lazima uongeze nusu ya kichwa huku na nusu kule. Kichwa chenyewe ni kama vidole vitatu vinene. Sentimita kama sita tu, lakini ndizo zilizonifanya nirudishe chuma kwa fundi kikakatwe upya, na yeye akacheka mpaka akavua miwani.

Hapo hapo nisaidie mtu mwingine: michoro mingi ya mitandaoni ni ya reli pana ya 1,435, ambayo ndio upana wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ukiichukua kama ilivyo hapa kwetu imekula kwako. Na kama uko Mbeya au Tunduma usinakili yangu pia, TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, ni 1,067. Pima mwenyewe kwa futi ya chuma, alafu pima tena kwenye kona, maana kwenye kona nafasi huwa imetanuka kidogo na kigurudumu chako lazima kiwe na uhuru wa kucheza.

Kosa la pili ndio lingeniua.

Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi. Mkono umeshaongezwa, kila kitu kimekaa, nimeenda peke yangu, nimeweka iafoni masikioni (naomba mnisamehe). Nikapanda. Aisee mita mia za kwanza sijawahi kusikia raha kama ile, baiskeli inaenda yenyewe, hakuna shimo, hakuna bodaboda, mikono haina kazi unabaki unaishangaa kwa sababu usukani umefungwa. Nikasogea kuelekea upande wa stesheni, nyasi zinapungua, mimi najisemea afadhali kumesafishwa. Sikujiuliza kimesafishwa na nani.

Kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, hakina kelele kama treni. Nilikihisi matakoni kabla sijakisikia, reli inatetemeka, nikageuka nikakiona kinatokea kwenye kona, hakiko mbali hata. Nikaruka chini nikaanza kuinyanyua baiskeli, haitoki! Mkono nimeufunga kwa nati nne namba kumi na nne na spana iko nyumbani. Kitu kizima kina kama kilo arobaini na kimepana mita moja, ukiinua huku kule kunajibana kwenye reli. Jamaa wakapiga honi, wakapiga breki, mimi nikakumbatia fremu nikajitupa nayo tutani. Nikabiringika kwenye kokoto, goti mpaka leo lina alama, ringi ya mbele ikajikunja kama chapati iliyoachwa juani.

Kiberenge kikasimama kimenipita. Alishuka mzee mmoja hata hakunitukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Akaniuliza, "Kijana, nani kakwambia hii imekufa?" Nikamwambia nimeona kutu. Akanitazama tu, akarudi akapanda wakaondoka. Kumbe kipande kile bado wanakitumia mara moja moja kuegesha mabehewa na kugeuzia kiberenge. Iliyokufa kweli inaanzia mbele zaidi.

Nilikaa mwezi mzima sijaigusa. Nikawa hata njia ya kupita stesheni naikwepa.

Aliyenirudisha ni mjomba wangu. Mjomba alifanya kazi kwenye gengi la reli miaka mingi, kubadilisha mataruma (yale yanayolazwa chini kubeba reli), kukaza bolti, kushindilia kokoto, mpaka alipopunguzwa kazi. Miaka tisa sasa haoni, presha ya macho ilimla taratibu na hospitali alienda imeshachelewa. Anakaa kwa dada, siku nzima barazani na redio. Nilienda kumsalimia, shikamoo mjomba, marahaba, dada akanichomea, "Huyu mpwa wako nusura agongwe na kiberenge." Nikajua nitasemwa. Mjomba akacheka, akasema hebu kanionyeshe hiyo reli.

Nikampeleka kwa bodaboda. Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya kichwa cha reli kama mtu anayepapasa kitambaa dukani, akaniambia shika hapa. Pale nilipoangukia kutu ilikuwa nyekundu, ya unga, ukifuta kwa kidole chini yake chuma laini kabisa kinateleza. Akasema hii ilipitiwa sio muda mrefu, mvua moja tu inatosha kuipaka rangi hii. Tukatembea, amenishika bega, tukavuka pointi, pale reli zinapogawanyika, tukaenda kama nusu kilomita. Shika tena. Huku kutu ilikuwa ya magamba, inabanduka kama ganda la mti, chini yake kuna vishimo. "Hii ndio maiti mjomba. Lakini maiti nayo ina wenyewe." Sikumwelewa siku ile.

Nilimwelewa wiki tatu baadae. Baada ya kuona kwamba ukifunga usukani kazi yote ni kupiga pedeli, nikapata wazo: kama hakuna kukata kona, mjomba anashindwaje kuendesha? Nikatafuta baiskeli ya pili 110,000, tukaziunganisha ubavu kwa ubavu, moja reli hii moja reli ile, mabomba matatu katikati. Safari hii hakuna nati, nimetumia pini za kuchomoa kwa mkono, pini nne, unachomoa kila mtu anabeba yake anatoka nje ya reli. Tulifanya mazoezi uani kwa dada mpaka tukafikia kuhesabu kumi. Ukinakili kitu kimoja tu kutoka kwangu nakili hicho. Bomba, pini na ufundi vikala 75,000 nyingine, ukichanganya na baiskeli na ule uharibifu wa kwanza jumla imefika 431,000, na hapo sijahesabu nauli.

Kuhusu vile vigurudumu vya beringi, nilivishusha chini sana mwanzoni nikidhani vitashika vizuri. Pale reli mbili zinapoungana kuna vyuma vya ubavuni na bolti, wenyewe wanaita fishipleti, beringi ikishuka sana inagonga pale na baiskeli inaruka. Mjomba alipima kwa kidole gumba, akasema isizidi hapa kwenye kiungo. Haijagonga tena.

Sasa siku ya kujaribu. Tulitoka alfajiri tusionekane, na hiyo ndio ilikuwa akili mbovu kuliko zote. Fikiria mwenyewe, watu wawili, giza, karibu na reli, wana mabomba, spana, nyundo na msumeno wa chuma. Siku zile kulikuwa na wizi wa mataruma, yale ya chuma yanapelekwa vyuma chakavu, na kijiji cha jirani walikuwa wamechoka kulaumiwa. Hatujamaliza kuweka pini nikasikia mwano, yowe la kuita watu, umepigwa, filimbi huku, filimbi kule, ndani ya dakika chache tumezungukwa na sungusungu, marungu mkononi. Mimi ulimi ukakauka. Nilitaka kuwaonyesha video ya Wakorea, simu haina chaji.

Mjomba amekaa zake juu ya reli, fimbo mapajani, akasalimia taratibu, "Mwangaluka." Kimya. Akajitaja yeye ni nani, gengi gani, nyapara wake alikuwa nani, kisima cha gengi kilikuwa wapi. Mzee mmoja nyuma akauliza swali kwa Kinyamwezi, mjomba akajibu, wakaanza kucheka wawili tu sisi wengine hatujui. Lakini hawakutuachia kirahisi, tulikaa chini ya mwembe karibu masaa matatu mpaka mwenyekiti wa kijiji akaja, akaandika majina, akasema kitu ambacho nilipaswa kuambiwa siku ya kwanza: vyuma hivi ni mali ya umma, ardhi yake ni hifadhi ya reli, nyasi zisikudanganye, na ukitaka kuchezea hapo lete barua. Ndio nikakumbuka ile ya maiti ina wenyewe.

Barua nayo ni hadithi. Ya kwanza niliandika kwa mbwembwe, "ombi la kuanzisha utalii wa baiskeli relini", nikaipeleka ofisi husika, wakaniuliza kampuni iko wapi, leseni, bima, mchanganuo. Sina. Nenda rudi mara tano, kila siku mhusika katoka. Nikakaa na mjomba tukaandika nyingine fupi, kwamba tunaomba kuendesha baiskeli mbili zilizounganishwa, kipande kutoka hapa mpaka hapa, siku kadhaa tu, kwa majaribio, hatubanduki chochote hatuongezi chochote. Nikaambatanisha picha ya chombo, mchoro wa eneo nilioutoa kwenye simu, namba za vitambulisho na muhuri wa mwenyekiti yule yule aliyetukamata. Ikachukua wiki tisa. Ikajibiwa Jumamosi nne, tusisogee karibu na pointi, na lazima awepo mtumishi wao mmoja. Niliona masharti mengi ila baadae nikaona yule mtumishi ndio alikuwa usalama wetu, maana alikuwa anawasiliana na stesheni kwa simu muda wote.

Jumamosi ya kwanza hatukuendesha kabisa. Tulitembea, na wewe usiruke hatua hii. Kipande chote kama kilomita nne, panga, koleo na ndoo. Kwenye vivuko vya njia udongo umejaza pale gurudumu linapopita kwa ndani, bila kuchokonoa unaacha reli. Vichuguu viwili vimeota juu ya mataruma kabisa. Mwishoni reli mbili hazipo, zimekatwa, ukija kwa kasi unaingia kwenye majani, tukafunga kitambaa chekundu hatua mia kabla. Na kwenye kalavati moja mjomba akasimama ghafla akaninyamazisha. Nyuki. Mimi sikuwasikia. Wamejenga chini ya daraja na sisi watu wa Tabora tunajua nyuki sio wa kuwajaribu, kwahiyo kila tukifika pale tunashuka, tunasukuma polepole bila maneno, na mjomba alinikataza kujipulizia manukato siku hizo.

Jumamosi ya pili ndio tukapanda. Saa tatu asubuhi, umande umekauka, maana tairi la mpira juu ya chuma chenye umande ni kama sabuni, breki unabana gurudumu linasimama baiskeli inaendelea. Nyasi zilizopondwa nazo hivyo hivyo, majimaji yake yanateleza vibaya sana. Tuende mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka, basi.

Mjomba kulia mimi kushoto. Mwanzo alishika usukani kwa nguvu mpaka mishipa imetoka, si unajua mtu aliyezoea kushika bega la mwenzake. Nikamwambia mjomba achia tu haukati popote. Akaachia mkono mmoja. Alafu akanyamaza, anapiga pedeli, kichwa amekiinamisha upande, nikadhani anaumwa. Kumbe anahesabu. Kila tukipita kiungo inagonga ta-ta, ta-ta, na yeye anahesabu vile viungo, tulikuwa tumeshapima reli moja ni hatua kumi na mbili, kwahiyo anajua tuko wapi kuliko mimi mwenye macho. "Punguza, kivuko kinakuja." Natazama mbele, kweli. Pengine anasema hapa chini pako wazi, kokoto zimeondoka, sikia inavyolia. Nikishuka kuangalia nakuta taruma linaning'inia, limeshikwa na reli tu.

Njiani kurudi akaniambia ongeza. Nikakataa. Akaongeza yeye, na kwa kuwa zimeungana mimi nikawa sina ujanja, mzee anapiga pedeli kama anawahi mshahara, yule mtumishi anakimbia pembeni anapiga kelele jamani jamani. Nilibana breki mpaka kitambaa chekundu cha kwanza tulichokuwa tumefunga karibu na pointi kikawa puani kwangu. Tulimsema sana siku ile, akawa anatabasamu tu.

Zile Jumamosi mbili zilizobaki mvua za Novemba zikawahi, moja tukaendesha nusu, moja tukashindia kibandani kwangu. Barua ikaisha muda. Nimeandika nyingine, nimeomba miezi mitatu ya kiangazi, na nimeeleza kwamba yuko mtu anayeweza kuwaambia mataruma gani yamelegea, bure. Bado iko ofisini kwao. Baiskeli moja nimeirudisha barabarani nabebea mzigo, ile ya mjomba iko uani kwa dada imefunikwa turubai. Kila Jumamosi nikienda ananiuliza barua imejibiwa? Namwambia bado mjomba. Anasema sawa, alafu anauliza cheni nimeipaka oili.